Kupika na Marsala: ipi inaenda na nini, na inaingia kikaangoni saa ngapi

Watu wengi wakijaribu kupika na Marsala wanaishia na kuku mtamu kupita kiasi halafu wanailaumu waini. Mara nyingi kosa sio la waini. Wamenunua chupa ya dolce, yaani ile tamu kabisa, wakaimimina mwishoni kabisa chakula kikiwa kishaiva, na humo kikaangoni hamkuwa na kitu chenye chumvi, uchachu wala mafuta cha kupambana na ule utamu. Marsala inakuja na utamu wake, inakuja na ladha ya lozi, zabibu kavu na sukari iliyoungua, sasa kazi yako wewe mpishi ni kuitafutia wenza wenye vitu ambavyo yenyewe haina. Ukilishika hilo basi hata bila recipe utajua cha kufanya.

Kabla ya yote, jambo moja la adabu. Pombe haiishi yote kwenye moto kama watu wanavyosema. Kwa vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemka na pombe ndani yake kwa dakika 15 kinabaki na kama asilimia 40 ya ile pombe, nusu saa asilimia 35, saa nzima asilimia 25, na hata ukifika saa mbili na nusu bado ipo kama asilimia 5. Kuwasha moto juu ya kikaango zile mbwembwe za hotelini ndio kabisa, inabaki kama robo tatu. Kwa hiyo kama mezani kuna Muislamu, mjamzito, mtoto au mtu aliyeacha pombe, mwambie mapema kabla hajapakua, usije ukamhakikishia kwamba imeyeyuka yote. Kwa hao nimeweka njia mbadala chini huko.

Hatua ya 1: soma lebo ya chupa

Marsala ni mji wa bandari, magharibi kabisa ya kisiwa cha Sicily kule Italia, mkoa wa Trapani, na jina la hii waini linalindwa kisheria tangu 1969 kwa hiyo ya kweli inatoka huko tu. Mfanyabiashara Mwingereza anaitwa John Woodhouse ndiye aliyeanza kuipeleka kwao mwaka 1773, na ili isiharibike njiani baharini akaiongezea spiriti ya zabibu. Ndio maana mpaka leo ina nguvu ya asilimia 17 au 18 hivi wakati waini ya kawaida ya mezani inacheza kwenye 12 mpaka 14. Zabibu zenyewe ni nyeupe, Grillo, Catarratto na Inzolia hasa. Kinachotuhusu sisi jikoni ni kwamba inakaa kwenye mapipa ikipigwa na hewa makusudi, hapo ndio inapata ile ladha ya lozi na karanga zilizokaangwa, na ile ya rangi ya kaharabu wanaitia pia juisi ya zabibu iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi na nzito, hapo ndio inapata ule ungua-ungua wa sukari.

Kwenye lebo utaona mambo matatu na yote yana maana.

Rangi: oro ni ya dhahabu, ambra ni ya kaharabu, rubino ni nyekundu inayotokana kwa sehemu kubwa na zabibu nyekundu. Kwa kupika chukua ambra, haina mjadala sana.

Umri: fine imekaa angalau mwaka 1, superiore miaka 2, vergine miaka 5. Vergine haitiwi kabisa vitu vya kuitamisha, ni kavu, bei yake imesimama, na kuitia kwenye kikaango ni kuionea, hiyo kunywa taratibu na lozi na jibini gumu. Fine inatosha kwa kazi nyingi, superiore ukiwa na wageni.

Utamu, na hapa ndio watu wanapoharibu: secco ina sukari chini ya gramu 40 kwa lita, semisecco ni 40 mpaka 100, dolce inazidi 100. Ona sasa, hata hiyo inayoitwa kavu inaweza kukaribia gramu 40, kama vijiko kumi vya chai kwenye lita moja, kwa hiyo sio kavu kama waini nyeupe kavu uliyoizoea. Chakula cha chumvi nunua secco. Dolce ni ya mayai, krimu na keki. Kama hela inatosha chupa moja tu, nunua secco, maana sukari unaweza kuongeza wakati wowote, kuitoa huwezi.

Za kuziacha dukani: zile zilizoandikwa ni za kupikia zenye chumvi ndani (Marekani zinauzwa sana sehemu ya siki na sosi), utapunguza rojo na chumvi nayo itajikusanya mpaka chakula hakiliki. Na zile zilizochanganywa kabisa na yai, kahawa au ladha ya lozi, hizo ni za kunywea.

Nairobi na Dar utaipata kwenye maduka makubwa ya pombe na supermarket zenye shelfu nzuri ya waini, sio kila mahali na sio kila siku. Ukikosa, chukua Madeira isiyo tamu sana au sheri ya Oloroso iliyo kavu, nazo ni waini zilizoongezewa spiriti, hizo ndio zinakaribia kabisa. Port ya tawny, ya jamii hiyohiyo, inafaa ila ni tamu, kwa hiyo pima kidogo na uongeze ndimu. Kama hamna chochote basi mililita 120 za waini nyeupe kavu, kijiko kimoja cha chakula cha brandi na nusu kijiko cha chai cha sukari ya kahawia, sio Marsala lakini chakula kitalika.

Hatua ya 2: chagua wenza

Uyoga ndio mwenza namba moja na sababu ipo. Uyoga ukikaangwa mpaka ukawa kahawia unatoa ule utamu wa nyama, utamu usio wa sukari, ule unaokufanya urudie kijiko, na una harufu ya udongo. Marsala haina hivyo viwili. Yenyewe inaleta sukari, uchachu kidogo na ladha ya lozi, ambavyo uyoga hauna. Wakikutana kila mmoja anamjazia mwenzake. Uyoga mweupe mdogo wa supermarket unafaa, mamama (oyster) unaolimwa sana Tanzania unafaa zaidi kwa maoni yangu maana kingo zake zinakauka na kukatika vizuri mdomoni, na kama una uyoga mkavu uloweke kwenye maji ya moto dakika 20, yale maji chuja uyatumie badala ya supu, usiyamwage hata kidogo.

Baada ya uyoga ni vitu vya mafuta. Siagi, krimu, mafuta ya kuku, kiini cha yai. Mafuta yanaulainisha ule ukali wa spiriti na yanaibeba harufu ya waini ikakaa mdomoni muda mrefu.

Halafu maini. Maini yana ule uchungu kidogo na ladha ya chuma, utamu wa Marsala unaufunika bila kuuficha. Maini ya kuku kuliko ya ng'ombe, ya ng'ombe ni makali na yanahitaji waini nyingi mpaka inakuwa hasara.

Vitunguu maji vilivyokaangwa taratibu vinaendana nayo ila kumbuka na vyenyewe ni vitamu, kwa hiyo vikiwemo ongeza siki au ndimu. Wasicilia wenyewe wana tabia hii ya kuchanganya tamu na chachu kwenye sahani moja, zabibu kavu na siki, kepa za chumvi (vichipukizi vya maua vilivyohifadhiwa) na sukari, na ukila chakula chao unaelewa kabisa kwa nini waini hii imetulia huko. Majani ya thaimu, rozmeri kidogo sana, seji. Pilipili manga nyingi. Ganda la chungwa lililokwaruzwa. Jibini gumu la chumvi. Tini na tende kwenye vitamutamu, na lozi kila mahali.

Visivyoelewana nayo: nyanya nyingi, maana uchachu wake na wa waini vinarundikana na rangi inakuwa ya ajabu. Tui la nazi, najua kuna watu watabisha, lakini tui lina utamu wake na Marsala ina wake, utapata kitu kizito kisicho na kona yoyote. Pilipili kali inaua ile ladha ya lozi uliyoilipia. Samaki mweupe mlaini anapotea kabisa, asionekane. Na bizari za kuchanganya kama za pilau hapana, moja moja sawa, mdalasini kidogo kwenye mayai mathalani, ila zikija zote pamoja waini haisikiki tena.

Hatua ya 3: kuku na uyoga, ndio pa kujifunzia

Kwa Waitalia sahani hii asili yake ni nyama ya ndama iliyokatwa membamba, ya kuku imepata umaarufu mkubwa Marekani kwa Waitalia waliohamia huko. Ya kuku ni rahisi na ukiiweza hii umeiweza kanuni nzima.

Watu wanne: kidari cha kuku gramu 600, uyoga gramu 250, kitunguu maji kidogo kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, Marsala secco mililita 150, supu ya kuku isiyo na chumvi mililita 200, siagi gramu 40, unga wa ngano kama nusu kikombe wa kupakia, mafuta ya kupikia, nusu ndimu, chumvi, pilipili manga, thaimu.

Kuku wa kisasa hapa ndio mahali pake, kidari chake kinaiva haraka. Kama unaye wa kienyeji usimlazimishe kwa njia hii, mchemshe kwanza mpaka alainike, supu yake itumie kwenye rojo, vipande vikaange mwishoni, na utakuwa na rojo tamu kuliko la wenye kidari.

Kata kidari kwa ubavu kiwe vipande vyembamba, weka katikati ya mifuko miwili ya nailoni na upige kwa mchi au chupa mpaka unene ubaki chini ya sentimita moja. Futa maji, tia chumvi na pilipili manga, paka unga dakika ileile unayotaka kukaanga maana unga ukikaa unalowa, kisha kung'uta uliozidi. Huo unga una kazi mbili, unafanya kuku awe kahawia na baadaye unalishika rojo.

Pasha kikaango kipana, cha chuma au stainless, sio cha kutogandisha kwa sababu tunautaka ukoko. Mafuta vijiko viwili, moto wa kati kuelekea juu, kaanga kuku bila kukijaza kikaango, dakika tatu hivi kila upande mpaka rangi ije, toa weka pembeni. Hata kama ndani bado kidogo usijali, atarudi.

Sasa uyoga. Nusu ya siagi, tia uyoga uliokatwa, utandaze, usitie chumvi, na uuache. Uache kweli. Uyoga utatoa maji kikaango kizima utadhani umeharibu, ngoja, yatakauka, halafu utaanza kusikia sauti inabadilika kutoka kuchemka kuwa kukaanga, hapo ndio unaanza kuwa kahawia. Ni dakika 8 mpaka 10, wengi wanakata tamaa ya nne. Ukishapata rangi ndio utie chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo, dakika tatu, kisha saumu na thaimu, nusu dakika tu, saumu isiungue.

Hapa ndipo waini inaingia. Zima moto kwanza kama unatumia gesi au toa kikaango jikoni, mimina Marsala kutoka kwenye kikombe ulichoshapimia na sio kutoka kwenye chupa, mvuke wa spiriti ukigusana na moto unawaka na chupa mkononi sio mahali unapotaka moto ufike. Rudisha jikoni, na kwa mwiko wa mti kwangua ule ukoko wote wa chini, ile rangi ya kahawia ndio nusu ya ladha yako. Acha ichemke mpaka ibaki kama theluthi, dakika tatu au nne. Nusa. Ikiwa bado inakuchoma pua, endelea. Ikianza kunukia zabibu na sukari ya kuungua, na mwiko ukipitisha katikati njia inabaki wazi kidogo kabla rojo halijarudi, basi, imefika. Hatua hii usiiruke na usiifupishe, mimi nikila kuku wa Marsala mahali najua kwa kijiko cha kwanza kama mpishi alisubiri au aliharakisha.

Ndio sasa tia supu, chemsha dakika tano ipungue nusu, rudisha kuku na maji yote aliyotoa kwenye sahani, funika nusu, moto mdogo dakika nne tano. Kama una kipimo cha joto, ndani ya kuku kifike nyuzi 74. Zima moto, tia siagi iliyobaki iliyo baridi vipande vipande huku unatikisa kikaango, rojo litang'aa na kuwa zito. Ndimu matone machache, onja, ndimu tena kama bado unasikia utamu umekaa mbele.

Unataka krimu? Mililita 80 zinatosha, zitie baada ya supu kupungua na sio kabla, na iwe krimu nzito yenye mafuta mengi. Maziwa ya kawaida au krimu nyepesi ikikutana na waini chachu kwenye moto mkali inakatika vipande vipande. Ila mimi binafsi siitii, inaifunika ile lozi.

Kula na viazi vya kuponda au tambi. Na wali? Wali unakubali ila usiwe wa nazi, nimeshaeleza sababu.

Hatua ya 4: maini ya kuku, haraka haraka

Kanuni ileile ila muda unabana. Gramu 400 za maini, toa nyongo zote na mishipa, yafute yakauke kabisa. Vitunguu viwili vyekundu kata vyembamba vikaange na siagi moto mdogo nusu saa mpaka vilegee na kuwa kahawia, viweke pembeni. Kikaango kilekile kipate moto mkali, maini dakika mbili kila upande, yatoe. Marsala mililita 80, kwangua, ipungue mpaka ibakie vijiko viwili vitatu, rudisha kila kitu, kijiko cha chai cha siki, kepa kama unazo, pilipili manga ya kutosha. Ndani yaive, yasibaki na damu, lakini yasiwe makavu ya kutafunwa kwa shida. Mkate uliochomwa chini yake. Wenye kupenda wayaponde na siagi wapake kwenye mkate, yakipoa yanakuwa matamu zaidi.

Hatua ya 5: mayai, hapa ndio dolce inapata kazi

Zabaglione ni viini vya mayai, sukari na Marsala, basi. Kwa kiini kimoja ni kijiko kimoja cha chakula cha sukari na vijiko viwili vya Marsala, na Waitalia wa zamani walipima kwa nusu ganda la yai lenyewe, inafanya kazi vizuri tu. Watu wanne fanya viini vinne. Mwenza mkuu hapa ni mafuta ya kiini, ndio yanayoubeba utamu wote ule, kwa hiyo ukitumia secco itakuwa kali, tumia dolce na upunguze sukari kidogo ukitaka.

Sufuria yenye maji vidole viwili, yawe yanatokota kidogo kidogo, bakuli juu yake lisiguse maji. Piga viini na sukari kwanza nje ya moto mpaka viwe vyeupe-vyeupe, tia Marsala kidogo kidogo, weka juu ya sufuria na upige bila kusimama, mkono utauma, dakika 8 mpaka 10. Unatafuta joto la nyuzi 70 mpaka 75, yai limeiva na ni salama ila halijagandamana. Ukiona vipande vya yai vinaanza pembeni toa bakuli haraka, liweke kwenye maji baridi na endelea kupiga, mara nyingi linaokoka. Tayari ni pale inapoinuka mara tatu ya mwanzo na ikidondoka kutoka kwenye mchapo inaacha alama juu kwa sekunde kadhaa. Kula palepale, ikikaa inajitenga. Chini weka tini, embe chachu kidogo (embe tamu sana hapana), au biskuti za lozi. Punje moja ya chumvi, usiisahau.

Kwa wasiotumia pombe

Juisi ya zabibu nyeupe isiyoongezwa sukari mililita 120, siki ya tufaha kijiko kimoja cha chakula, viweke kwenye kisufuria vipungue mpaka nusu, viwe vizito karibu na shira, halafu utumie mahali pa Marsala na supu uongeze kidogo. Lozi zilizokaangwa na kusagwa kijiko kimoja ndani ya rojo zinarudisha ile ladha ya pipa. Ukipikia watu wa aina mbili siku moja, kikaango na mwiko viwe tofauti pia, sio rojo tu.

Chupa iliyobaki

Kwa kuwa imeshapigwa na hewa miaka na ina spiriti, haiharibiki haraka kama waini ya kawaida ambayo siku tatu nne imekwisha. Funga vizuri, iweke kwenye friji imesimama, miezi miwili bado ni nzuri ya kupikia, baada ya hapo inafifia tu taratibu, haigeuki siki ghafla. Chupa ikiwa imebaki robo na joto la Dar ndio hilo, ihamishie kwenye chupa ndogo isiwe na nafasi kubwa ya hewa, na kile kikombe cha mwisho ambacho hakitoshi kuku kimwage kwenye sufuria ndogo na tende zilizotolewa kokwa na ganda la chungwa, dakika kumi moto mdogo, uile na mtindi mzito asubuhi au na aiskrimu usiku.